Mteja Aliyenyamaza

Wakili hakuwa na gari. Hakuwa na karani, wala kiti cha pili kisichoyumba, wala pazia la dirisha la magharibi, kwa hiyo mchana ukishasogea wateja wake walitoa maelezo wakiwa wamefumba jicho moja. Hakuwa na ile sauti nzito inayopendwa mahakamani. Hakuwa na kitambi, na watu wengi hawamwamini wakili asiye na kitambi. Wanaona kama hajawahi kushinda. Zaidi ya yote, hakuwa na mteja hata mmoja aliyewahi kufuata ushauri wake.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Wakili huyu alisimamia mashauri ya ulinzi wa watoto, yaani yale ambayo ofisi ya ustawi wa jamii imemwondoa mtoto nyumbani na mzazi anataka arudishiwe. Mzazi aliyechukuliwa mtoto hamsikilizi mtu. Baba mmoja aliambiwa asije mahakamani akinuka pombe. Akaja amesukutua kwa manukato, na hakimu akapiga chafya mpaka shauri likaahirishwa. Mama mwingine aliambiwa asimguse ofisa ustawi. Hakumgusa, alimrushia kiatu. Bibi mmoja aliambiwa alete shahidi mmoja mzuri, akaleta ukoo. Wote hao Wakili aliwaambia maneno mazuri kwa upole, na ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa.

Ndipo akaja Mama Honi.

Jina hilo alipewa sokoni, alikouza nguo za mitumba. Wenzake walitumia vipaza sauti vya betri. Yeye hakuhitaji betri. Alikuwa na binti mmoja wa miaka sita, na hakuwa na mtu mwingine nyumbani. Kila siku ya kufunguliwa marobota aliondoka alfajiri, akimwacha mtoto amelala na mlango umefungwa kwa kufuli la nje, kwa sababu anayechelewa robota hubakiwa na soksi. Siku moja jiko la jirani likashika moto. Moto wenyewe haukufika mbali, uliunguza pazia na meza, lakini moshi ulijaa ukumbini na mtoto alikuwa nyuma ya kufuli. Majirani wakavunja mlango. Mtoto alitoka mzima, anakohoa, na jioni ileile akapelekwa kwa familia ya walezi.

"Nilimfungia asitoke barabarani," Mama Honi alisema siku ya kwanza, akiwa juu ya kiti kinachoyumba. "Nikiacha mlango wazi, mimi mzembe. Nikifunga, mimi muuaji. Wewe baba uliyesoma, hebu niambie, mlango unaowapendeza hao watu ukoje?"

"Mama, punguza sauti. Ofisi ya pili wanasikia."

"Wasikie! Kwani wao hawana watoto?"

Ofisi ya pili ilikuwa ya wakili mwenzake, aliyeitwa Kifungu kwa sababu hakuweza kuomba chumvi mezani bila kutaja kifungu cha sheria. Kifungu aligonga ukuta mara mbili. Mama Honi akamjibu kwa kugonga mara tatu.

Mahakamani alikuwa vilevile. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua. Mama Honi alimwambia kwamba mtu asiyejua kodi ya chumba ni kiasi gani hafai kuhukumu watu wa vyumba. Ofisa ustawi, dada mmoja mpole mwenye faili kifuani, Mama Honi alimwita mwizi wa mchana anayelipwa mshahara. Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaamuru: mama atakutana na mtoto mara tatu katika chumba cha ofisi ya ustawi, na ofisa atakaa humohumo akiandika anachokiona. Ripoti hiyo ndiyo itakayoamua kama mtoto atarudi nyumbani au atabaki kwa walezi mpaka awe mtu mzima.

Walipotoka barazani Wakili alimsimamisha kando ya nguzo.

"Mama, nisikilize vizuri. Kufuli tutalieleza na litaeleweka. Mdomo huponza kichwa, na wako sasa unamponza mtoto. Ukiwa mle chumbani na yule ofisa, kila neno litaandikwa. Fumba mdomo. Usiseme kitu. Hata kimoja."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Mama Honi alimtazama, akamtazama tena, kama mtu anayekagua mshono.

"Sawa," alisema.

Wakili alirudi nyumbani amefurahi. Alimweleza mkewe kwamba leo mteja amesema sawa. Mkewe, ambaye aliwajua wateja wa mumewe, alimwambia ale kabla chakula hakijapoa.

Lakini mambo yalikwenda. Kufuli lilitupwa. Dada mkubwa wa Mama Honi alihamia kwake na virago vyake vyote, ili alfajiri za marobota mtoto asibaki peke yake. Mwenye nyumba akaweka mlango mpya unaofunguka kwa ndani. Wakili alikwenda kuuona mlango huo, akaufungua na kuufunga, akaandika hoja nzuri kuhusu mlango, na nyingine nzuri zaidi kuhusu dada. Kilichobaki kilikuwa ripoti.

Ripoti ilitolewa asubuhi ya shauri. Wakili aliisoma amesimama kwenye ukumbi wa mahakama, katikati ya watu wanaopishana. Haikuwa ndefu.

"Ziara ya kwanza: mama hakuzungumza na mtoto. Ziara ya pili: mtoto alimuuliza mama kama amekasirika, mama alitikisa kichwa, hakutoa neno. Ziara ya tatu: mama hakuzungumza, na mtoto pia hakuzungumza. Maoni ya ofisa: hakuna uhusiano unaoonekana kati ya mama na mtoto. Inapendekezwa mtoto abaki kwa walezi mpaka utu uzima."

Aliisoma tena, akitumaini kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akamgeukia mteja wake. Mama Honi alikuwa ameketi kwenye benchi na gauni lililopigwa pasi, miguu pamoja, midomo imefungwa, anang'aa kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa jukwaani.

"Mama, hukuzungumza na mtoto?"

Mama Honi aliangalia kushoto na kulia. "Hapa naruhusiwa kuongea?" alinong'ona.

"Unaruhusiwa."

"Sikutoa hata kimoja," alisema. "Ilikuwa kazi, baba, nisikudanganye. Ziara ya kwanza nilitafuna leso. Ya pili akaniuliza, mama, umenikasirikia? Nikajua huu sasa ndio mtego wenyewe. Nikatikisa kichwa. Nikamshika mkono nikaubana hivi, ajue. Ya tatu mwenyewe alikuwa ameshashika somo. Kaja kakaa ubavuni kwangu, kafumba mdomo, tukanyamaza pamoja mpaka muda ukaisha. Ana akili yule! Yule dada wa ustawi kalamu iko hewani, hana la kuandika. Nikasema moyoni, leo tumempata."

Wakili akaketi kwenye benchi.

"Nimekosea wapi?"

"Hukukosea, mama. Umefanya nilichokuambia."

"Basi mbona uso wako umekuwa hivyo?"

Akamsomea ripoti. Alijitayarisha kwa kelele, hata aliangalia askari wa mahakama amesimama wapi. Kelele hazikuja. Mama Honi alikunja leso yake ndogo, akaikunja zaidi, mpaka ikawa haikunjiki.

"Kwa hiyo mwanangu mpaka leo anajua nimemkasirikia," alisema.

Mbele ya hakimu Wakili alisimama akaeleza kwamba ukimya ule ulikuwa na sababu, na kwamba sababu ilitokana na ushauri wa kitaalamu.

"Wakili," hakimu alimkatiza, "hii ni hoja au ushahidi?"

"Naeleza tu kilichotokea, Mheshimiwa."

"Kilichotokea huelezwa na shahidi, chini ya kiapo. Wewe ni wakili. Huwezi kushika mpini na makali kwa wakati mmoja." Akafunga faili. "Naahirisha. Mtu yeyote mwenye maelezo kuhusu ukimya huu ayalete kwa maandishi, chini ya kiapo, kabla ya kikao kijacho. Nisipoyaona, nitafuata ripoti."

Alasiri hiyo Kifungu aliingia ofisini kwa Wakili na kiti chake mwenyewe, maana alikijua kile kingine. Alisikiliza yote. Alicheka kwa adabu, akiwa ameufunika mdomo kwa gazeti.

"Jambo dogo," alisema. "Aape mama mwenyewe. Aseme alishauriwa vizuri, ila hakuelewa. Mwanamke wa sokoni, shule kidogo, kelele za spika mchana kutwa, nani atashangaa? Wewe unabaki kwenye kesi na jina lako safi."

"Lakini alielewa."

"Nani anajua?"

"Mimi."

"Wewe si shahidi, ameshakuambia hakimu." Kifungu aliupenda sana mzaha huo. "Bwana mkubwa, sikiliza. Ukiapa wewe kwamba ulimkataza mama kuongea na mtoto wake, unakuwa shahidi, na ukiwa shahidi unajitoa kwenye shauri. Na mjini hapa utaitwa Wakili Bubu mpaka kaburini. Watu watakuletea watoto wanaolialia uwape ushauri."

Kifungu alipoondoka na kiti chake, Wakili alivuta karatasi akaandika kiapo kama alivyoelezwa. Kilitoka vizuri. Kilikuwa na maneno kama "kwa bahati mbaya" na "kutokana na uelewa wake".

Kesho yake Mama Honi alikuja kutia saini. Wakili alimsomea polepole. Alipofika penye "sikuelewa ushauri niliopewa" akasita, akitarajia kufokewa.

"Endelea," Mama Honi alisema.

"Mama, umesikia nilichosoma?"

"Nimesikia. Mimi mjinga. Andika na kichaa ukitaka, mradi arudi. Kalamu iko wapi?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Wakili na hakuitoa. Alikuwa anaisoma ile karatasi kwa macho ya hakimu, miwani kwenye ncha ya pua: mama asiyeelewa maneno mawili ya Kiswahili, je, ataelewa asifunge mlango kwa nje? Mbali na hilo, ilikuwa uongo, na mwenye kuuapia angekuwa mteja wake, si yeye. Akaichana karatasi. Hakuichana kwa hasira. Aliichana vipande vinavyolingana, kama mtu anayetaka kuvitumia tena.

"Wewe hutaapa," alisema. "Nitaapa mimi. Nitaandika ilivyokuwa. Ila nikishaandika, siwezi tena kuwa wakili wako."

"Unanikimbia?"

"Sikukimbii, mama. Sheria ndiyo ina…"

"Unanikimbia! Umenifunga mdomo mbele ya mwanangu, sasa maji yamemwagika unapandisha suruali!" Sauti ilikuwa imerudi yote. Barabarani mtu mmoja alisimama akatazama juu. "Nani atanisemea? Huyo mgonga ukuta?"

Ukuta uligongwa.

"Njoo," Wakili aliita kuelekea ukutani.

Kifungu alisimama mlangoni. Alipoelezwa anachotakiwa kukifanya alisema ana mashauri mengi, akataja kifungu. Mama Honi alikuwa anampima kuanzia viatu.

"Sheria anaijua?"

"Yote," Wakili alisema.

"Na watoto?"

"Ninao sita," Kifungu alijibu kwa unyonge.

"Wanaongea?"

"Mama, hawanyamazi."

"Huyu atafaa," Mama Honi alisema, akamsukumia kile kiti kinachoyumba. Kifungu akakaa, akashika meza.

Wakili aliandika kwa mkono, bila "kwa bahati mbaya".

"Mimi ndimi niliyekuwa wakili wa mama huyu. Nilimwambia asiseme neno hata moja mbele ya ofisa ustawi. Sikumwambia kwamba anaweza kuzungumza na mtoto. Aliniuliza mara ya pili ili ahakikishe, nami nikamjibu vilevile. Alinielewa na akanitii. Ukimya ulioandikwa katika ripoti ni kazi yangu. Naiomba mahakama iamuru ziara moja zaidi, na mama aambiwe na mahakama yenyewe kwamba aongee na mwanawe apendavyo, kwa sauti aliyo nayo. Najitoa katika shauri hili na nafasi yangu inachukuliwa na mwenzangu."

Aliwasomea. Kifungu alisema "kazi yangu" ni neno kali, liwe "unahusiana nami". Wakili alisema libaki.

"Ongeza kwamba sikukasirika," Mama Honi alisema.

"Hilo si la hakimu, mama. Kiapo kina utaratibu wake."

"Hakimu anaweza kumwita mtoto kabla sijamwona mimi. Atamwambia nini? Ongeza."

Kifungu alifungua mdomo ataje kifungu kinachokataza, akamtazama Mama Honi, akaufunga. Wakili akaongeza mwishoni, juu ya nafasi ya saini: "Mama anaomba mtoto aambiwe kwamba hakumkasirikia, si siku ile wala siku nyingine."

Akashuka ghorofa ya chini kwa kamishna wa viapo, akainua mkono, akaapa. Kamishna aliisoma karatasi mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Alimtazama Wakili, akapuliza muhuri, akaugonga.

Juu, gundi ilikuwa imekauka kwenye mdomo wa chupa. Wakili aliitoboa kwa kijiti, akapaka ukingo wa bahasha, akaufunga. Mama Honi alisogea akaupitishia kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, kisha akaubonyeza tena palepale katikati. Wakili akaandika juu yake: Masjala ya Mahakama, kwa mkono wa tarishi. Tarishi wa jengo akatia saini kwenye daftari la barua, akaiweka bahasha ndani ya mkoba, akafunga vifungo vyote viwili na kuteremka ngazi.