Siku ya Kuosha Miti

Mama msafishaji alikuwa juu ya ngazi, akiufuta mti jani kwa jani kwa kitambaa cha sabuni. Miti yote ya langoni pa kiwanda cha umeme ilitakiwa iwe ya kijani kabla wakaguzi wa mazingira hawajafika. Maji ya ndoo yalikuwa meusi tititi.

"Na ya juu, shemeji," alisema msimamizi wa matanuri, kaka wa mumewe.

"Leo utawaambia?"

"Nitawaambia. Ndugu yangu anakufa kwa kifua, mimi nikae kimya?"

Siri yenyewe kila mtu kiwandani aliijua. Vichujio vya moshi vinakula umeme, na umeme ni wa kuuzwa, kwa hiyo viliwashwa siku ya wageni tu. Wakubwa waliuita wizi huo ufanisi. Mumewe alizoa majivu pale hadi mapafu yakagoma. Daktari alimwandikia hewa safi, utadhani inauzwa dukani.

Wakaguzi walikuja na viatu visivyojua matope. Mkubwa wao alichuma jani, akalisugua kwa leso nyeupe, akatabasamu. Bomba halikutoa hata uzi wa moshi.

"Kuna mfanyakazi mwenye neno?"

Mama msafishaji alimtazama shemeji yake. Shemeji akaiweka sawa kofia nyeupe ya wakubwa, ambayo asubuhi hakuwa nayo.

"Hapa tunapumua kama tuko bustanini, mheshimiwa."

Hasira zikampanda mama.

"Mwongo! Vichujio vimewashwa leo tu! Mume wangu..."

"Mtuwie radhi," msimamizi alisema kwa upole, akimshika bega. "Ni shemeji yangu. Mumewe mgonjwa, uchungu umemzidi. Ni mambo ya nyumbani, tutayamaliza nyumbani."

Wakaguzi wakampa pole, mmoja baada ya mwingine, wakaenda kunywa soda.

Nyumbani alimkuta mumewe ameegemea mito, macho mlangoni.

"Kaka amesema?"

Alivua viatu taratibu.

"Amesema."

Uso wa mgonjwa ukachanua kama wa bwana harusi. "Si nilikwambia? Yule ni damu yangu! Hebu fungua dirisha, mke wangu, nipate hewa."

Alikwenda dirishani, akashika komeo. Kule kiwandani bomba lilikuwa limeshaanza kutema moshi, na majivu yalikuwa yakitua juu ya kioo. Nyuma yake mumewe alijiinua kwenye mito, akakaa tayari kuvuta pumzi.