Wageni wa Mawimbi Mafupi

Alhamisi moja ya Mfungo Saba, baada ya sala ya Alasiri, Mwanatumu alikuwa ameketi juu ya mbuzi uani kwake Msambweni akikuna nazi ya tatu, kwa kuwa mumewe alikuwa amemwambia kwamba jioni hiyo huenda Kolombo ikaingia. Alfani mwenyewe, fundi wa kushona kanzu, alikuwa juu ya ngazi akifunga waya wa redio baina ya paa la jiko na mnazi.

"Kolombo peke yake, au na Delhi?" Mwanatumu aliuliza.

"Kolombo peke yake. Delhi leo hewa yao mbaya."

"Basi nazi tatu zatosha."

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, na tangu Gazi hadi Shimoni watu walikuwa wamekwisha kuzoea kwamba kituo cha mbali kikinaswa sawasawa, mtangazaji wake huja. Kikisikika vizuri, huja mzima, amevaa viatu. Kikisikika kwa shida, huja kwa sehemu. Mtangazaji wa Kolombo alipofika mara ya kwanza, msimu wa ngurumo, alifika bila miguu, akawekwa kitini kwa heshima, na miguu ikafuata kesho yake hewa ilipotulia. Yule wa Delhi alikuwa akififia na kurudi, na Mwanatumu alijifunza kumsogezea sahani pale anaporudi. Muziki ulizimwa upesi kila ulipoanza, kwa sababu bendi moja ya Kairo iliwahi kuingia nyumbani humo, watu arubaini na vinanda vyao, na wali uliopikwa kwa ajili ya maulidi ukamalizika kabla ya wimbo wa pili.

Mashindano ya kunasa kituo cha mbali zaidi yalikuwa baina ya Alfani na Charo, dresa wa zahanati ya Kikoneni, Mgiriama mwenye maneno mengi ambaye redio yake ilikaa juu ya kilima na kwa hiyo ilikuwa na bahati. Mwamuzi alikuwa Maalim Mwinyihaji, mwalimu wa chuo cha Kurani, naye aliyaendesha kwa kanuni alizozijua. Sauti tupu, alisema, si ushahidi. Mgeni hahesabiwi kuwa amefika mpaka ale chakula cha mwenyeji mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Umbali aliupima juu ya ramani ya skuli kwa tasbihi kuukuu iliyopungua punje, ambayo hakuisabihia tena. Punje nyingi, alama nyingi. Kituo cha serikali, kilichokuwa papa hapa nchini, hakikufikisha hata punje moja, na ndiyo sababu hakuna mshindani aliyekifungua.

Mwanatumu hakuzijali alama, na wala hakunung'unika juu ya mchele. Alikuwa na haja yake. Ndugu yake, Tsuma, alikuwa na minazi ya nyanya yao huko Diani, karibu na ufuo. Mwaka uliopita alikuja mpima ardhi, akapanda mawe ya mpaka katikati ya minazi ile, kwa kuwa viwanja vya pwani vilikuwa vimetakiwa na watu wa kupumzika. Tsuma aliyang'oa mawe, akayapanga vizuri kando ya njia ili mwenyewe ayachukue. Siku ya tatu askari walimpakia ndani ya lori, Adhuhuri, mbele ya watu waliokuwa wakitoka msikitini. Tangu hapo hakuonekana. Mwanatumu alikwenda Kwale, akaambiwa jina hilo haliko, aulize Mombasa. Alikwenda Mombasa, akaambiwa mambo ya Kwale huulizwa Kwale.

Kwa hiyo alipika. Alijua kwamba watu hawa wanaokuja kula kwake ndio wenye habari za dunia, na kwamba mtu aliyeshiba hujibu vizuri kuliko mwenye njaa. Mgeni alipokwisha kunawa, alimwuliza habari za atokako, kisha za watu wake, kisha akamwuliza: "Na Tsuma wa Diani, ndugu yangu, hamkumtaja?"

Mtangazaji wa Kolombo alijibu kwamba bei ya chai imepanda. Wa Delhi alimweleza habari za bwawa kubwa. Yule wa Kairo alishika kifua, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba wao husema kila usiku juu ya wote walioonewa kutoka bahari hadi bahari.

"Kwa majina?" aliuliza Mwanatumu.

"Kwa ujumla, dada yangu," alijibu, akaomba kipande kingine cha samaki.

Jioni ile ya Alhamisi Kolombo haikuingia. Alfani aliuzungusha ufunguo mpaka mwisho wa kioo, mahali pasipokuwa na jina la mji wowote, akapata sauti ndogo: tii, tii, tii. Haikuwa na maneno. Mashahidi wawili, mmoja mwadhini na mwingine muuza mkaa, walikuwa wamekwisha kuketi. Charo alikuwapo pia, amepanda baiskeli kutoka Kikoneni kuja kupinga.

"Alfani, umenasa kuku," alisema Charo. "Shemeji, mwekee mtama."

"Nyamaza, Mgiriama. Wewe wiki nzima umepata nusu ya Mfaransa."

"Nusu ya juu! Ndiyo ilayo."

Katika maneno hayo mgeni akafika. Alikuwa mbwa jike, mdogo, mwenye kichwa cheusi na mikanda kifuani. Alisimama penye kizingiti cha ua, hakuingia ndani.

"Ndiye yule wa Warusi," mwadhini alisema. "Waliyemrusha mbinguni ndani ya chombo." Habari hiyo ilikuwa imeenea sokoni tangu juzi, nao wote wakakubali kwamba ndiye.

"Napinga," alisema Charo. "Mbwa hatangazi."

Maalim Mwinyihaji aliitwa. Alipoamkiwa shikamoo aliitika marahaba, akaketi mbali kidogo na mbwa kwa ajili ya udhu wake, akalitazama jambo. Alisema kanuni haikusema mtangazaji, ilisema mgeni. Ama kuhusu unajisi, chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, na hilo ni juu ya mwenye chombo, halipunguzi alama. Swali lililobaki ni moja: atakula?

Mwanatumu hakutaka kuosha chombo mara saba. Alichukua kifuu kimoja kati ya vile vya nazi alizokuna, akatia wali na kichwa cha samaki, akakiweka chini, akarudi nyuma hatua. Mbwa alikula kwa adabu. Alikuwa na njaa sana. Mashahidi wakashuhudia.

Mwanatumu alichutama, na kwa kuwa ilikuwa desturi yake, akamwuliza. Alimwambia Tsuma ni nani, na lori lilikuwa la rangi gani, na lilielekea wapi. Mbwa aliinua masikio, akamtazama usoni. Hakumkata maneno. Mwanatumu alifahamu kwamba katika wageni wote aliowapikia huyu ndiye wa kwanza kulisikiliza swali lake hadi mwisho wake.

Upimaji ulileta taabu. Maalim aliitandaza tasbihi juu ya ramani ikavuka Moscow, ikavuka barafu, ikavuka karatasi yenyewe ikaning'inia. Akaamuru ipimwe kwenda juu. Mgema mmoja wa jirani aliitwa, akapanda mnazi akiishika ncha moja kwa meno, lakini tasbihi ilikuwa fupi, na alipofika makutini Maalim akasema inatosha, kwamba kisichopimika kimezidi kinachopimika, na Alfani ameshinda. Charo alimpa mkono. Alisema kwamba mwakani atakamata ng'ombe. Mbwa alikuwa amekwisha kuondoka; chombo chake huko juu kilikuwa kimevuka bahari upande wa Pemba na ile tii, tii ilikuwa haisikiki tena.

Baada ya Magharibi aliingia mtangazaji wa Moscow, mzima, mnene, amekuja kuulizia mbwa. Aliambiwa amekula na amepita.

"Najua," alisema, huku akijipakulia. "Alipita hapa kabla ya jua kuchwa. Sasa yuko juu ya Kalkuta. Kisha Peking. Twaijua kila dakika yake. Na Waingereza waijua, na Wamarekani waijua. Hata kituo chenu cha hapa hutangaza."

"Nani aliyewaamuru wote hao wamtangaze?" Mwanatumu aliuliza.

Mrusi alilishangaa kidogo swali hilo. "Mama, kiumbe kimeondolewa kwao kwa amri ya serikali. Dunia nzima yataka kujua kiko wapi."

Mwanatumu alikiweka chini kijiko cha mchuzi. Alingoja mgeni amalize, akammiminia maji ya kunawa, akamsindikiza mpaka njiani kama ipasavyo. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye redio. Hakuwahi kuigusa kabla ya hapo.

"Wafanyaje, mke wangu?" Alfani aliuliza. Alikuwa akisugua birika la shaba alilopewa kwa ushindi.

"Nafungua cha hapa."

"Cha hapa! Hakina alama hata moja."

"Mimi sitafuti alama, bwana. Natafuta ndugu yangu."

Alfani aliliweka birika chini, akamwonyesha ufunguo uzungushwe upande gani.

Kituo cha serikali kilisikika wazi kuliko vyote, na mtangazaji wake alifika papo hapo, hana punje ya mkwaruzo. Alikuwa kijana wa Kiswahili, mtanashati, amevaa tai na koti lililopigwa pasi, mwenye sauti ya kupendeza. Alitoa salamu ndefu, akauliza hali za wenye nyumba, na Mwanatumu akampakulia wali uliobaki, na kuku aliyekuwa amewekewa Kolombo. Alikula vizuri. Kabla hajaulizwa alimwambia kwamba yule mbwa sasa yuko juu ya bahari ya Japani, na kwamba mioyo ya wengi iko pamoja naye.

"Alhamdulillahi," alisema Mwanatumu. "Na Tsuma wa Diani, mwanangu? Aliyetwaliwa na askari wenu kwa lori, Adhuhuri, mbele ya msikiti. Yuko wapi?"

Kijana aliweka chini mfupa wa kuku. Alimtazama kwa huruma ya kweli, akasema: "Na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari."

"Labda hamkupata jina kamili," alisema Mwanatumu. "Nitakupa." Akavuta kigoda. Alimtajia jina la Tsuma na la baba yao na la babu yao. Alimweleza kimo chake, na lile kovu la panga juu ya kifundo cha mguu, na kwamba hawezi kulala mahali pa baridi, na kwamba mawe yale hakuyatupa, aliyapanga. Kijana alitikisa kichwa kwa adabu katika kila neno.

Lakini saa ya kufunga kituo ilikuwa imefika, naye akaanza kuondoka, kama watangazaji wote waondokavyo, kidogo kidogo. Yaliyotangulia kupotea ni masikio. Mwanatumu aliyaona yakienda, la kulia kisha la kushoto, akaendelea kusema, kwa sababu si adabu kumwachia mgeni mazungumzo nusu. Kijana naye aliendelea kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, hadi kichwa chenyewe kilipokwisha, na koti, na tai, kikabaki kiti.

Alfani alizima redio ili kulinda betri. Mwanatumu alikusanya vyombo, akamwuliza mumewe kituo kile hufunguliwa tena saa ngapi. Alipoambiwa alfajiri, aliloweka mchele.