Mlango Mdogo wa Uani, Barabara ya Kumi na Nne

Jumapili baada ya chakula cha mchana najinyoosha kwenye mkeka ukumbini, kichwa upande wa mlango wa mbele, miguu upande wa uani, najiambia dakika kumi tu, Nakijwa, mama anataka uji wake saa kumi. Mama yuko chumba cha mwisho. Kiharusi kilimchukua upande mmoja mwaka juzi, na mimi nilipohamishwa kikazi kuja Tanga nikaja naye, tukapanga nyumba hii ya zamani ya Ngamiani, barabara ya kumi na nne, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na kule uani mlango mdogo wa mbao unaotokea kwa jirani. Mlango huo nimeutia kufuli tangu wiki ya kwanza. Jirani yetu, Bi Mwanatumu, ana tabia ya kuita hodi akiwa tayari yuko ndani, na mimi si mtu wa kuvumilia mambo hayo. Mlango wa mbele nao naufunga kila nikienda kazini, kwa usalama wa mama. Ufunguo wa kufuli nimeufunga kwenye pindo la kanga. Nafumba macho, namsikia mama akikohoa, halafu nausikia ukumbi ukirefuka.

Unarefuka polepole, kama chapati inavyosukumwa, na mlango wa mbele unakwenda mbali ukiwa wazi. Nanyanyuka nikaufunge. Natembea, natembea, nafika, natia mguu barazani, na mlango unajifunga nyuma yangu. Nasukuma, wapi! Nazunguka nilitafute dirisha la mama, lakini nyuma ya nyumba yetu kuna mbele ya nyumba nyingine, na nyuma ya hiyo kuna mbele ya nyingine, zote na baraza ileile yenye ufa uleule, na ndani ya mojawapo mama anaita, Nakijwa, uji. Basi natembea. Barabara za Ngamiani zina namba, mtu hapotei, ndivyo nilivyoambiwa siku ya kwanza na ndivyo ninavyojiambia sasa. Naacha ya kumi na nne, naingia ya kumi na tano, kibao kinasema kumi na nne. Naiacha hiyo, naingia ya thelathini na saba, ambayo haipo, kisha ya kumi na nne tena, safari hii jua limehamia upande wa pili na kila kilichokuwa kulia kiko kushoto. Mwanamume anakuja akikokota baiskeli. Namshukuru Mungu, kisha anakaribia naona hana uso, pale pa uso pamelala tu, laini kama kisogo cha mtoto. Ajabu ni kwamba siogopi, nina hasira. Kaka, namwambia, naitafuta nyumba namba mia mbili na sita. Anasimama kwa adabu. Kwa nani? anauliza. Nimesema namba mia mbili na sita. Namba haipiki, dada, namba haiumwi, mimi najua kwa watu. Kwa nani? Kwangu! nasema. Na wewe ndiye nani? Namweleza natoka Same, nina miezi minne hapa. Anatikisa kichwa chake kitupu. Miezi minne, na hakuna anayekujua hata kwa jina, anasema. Pole, dada. Anapanda baiskeli anaondoka, na mimi namchukia, kwa sababu pole yake ni ya kweli.

Mbele kidogo wanawake watatu wanasuka ukili wa mkeka barazani. Nao hawana nyuso, ila vidole vyao haviikosei miyaa. Shikamooni, nasema, na neno linanikwama, maana miezi yote hii nawapita watu wa mabarazani nikiwa na simu sikioni, simu isiyo na mtu upande wa pili. Marahaba, mwanetu, wanaitika. Nawaambia nimefungiwa nje na mama yangu yuko ndani peke yake. Kitendawili, anasema wa katikati. Bibi, sina muda. Kitendawili, anarudia. Tega, nasema, maana aliyelelewa hawezi kukiacha kitendawili hivihivi. Nimemfungia mwizi nje, anayelia yuko ndani. Nafikiri, nashindwa. Basi tupe mji, wanasema, na hiyo ndiyo sheria tangu utotoni, ukishindwa unatoa mji, mtegaji anakwenda huko kwa maneno, anakula, anacheza, anarudi na jibu. Nawapa Same. Wanakwenda, wanarudi, Same hakuna jibu. Nawapa Moshi. Moshi baridi tupu. Nawapa Dodoma. Miji ya mbali hiyo, anasema wa pembeni, tupe pa hapa, tupe kwa mtu. Na mimi, mtu mzima, msomi, napekua kichwa kizima sipati jina la mtu wa mtaa huu. Muuza mihogo namwita wewe. Mama anaita tena, safari hii kwa sauti ndogo, ya mtu anayebakiza nguvu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Jina liko moja tu, na ni la yule niliyemfungia mlango. Nawapa kwa Bi Mwanatumu, nasema. Wanacheka kwa furaha, wanasogeza magoti. Hapo ndipo kwake, mwanetu, pita.

Napiga hodi mara tatu na kusubiri, nataka aone hodi inavyopigwa. Karibu, inasema sauti, mbona umesimama nje kama polisi? Bi Mwanatumu naye hana uso, namjua kwa sauti na kwa harufu ya kalimati. Nyumba yake ni yangu iliyogeuzwa, ukumbi uleule, vyumba vilevile, na uani kuna mlango mdogo wa mbao. Nafungua pindo, natoa ufunguo, napapasa mbao. Hakuna kufuli. Kufuli liko upande wa pili, nimelitia mwenyewe. Mama, nifungulie! Sina miguu, mwanangu, anajibu mama, karibu kabisa. Hapo uliposimama nimesimama mimi, anasema Bi Mwanatumu. Siku ya Jumanne, mama yako alipoanguka. Nilisikia kishindo, nikaita hodi mpaka koo likanikauka. Nikazunguka mbele, umefunga umekwenda zako. Nikarudi nikakaa hapa chini, tukazungumza naye kupitia ubao hadi adhuhuri, asije akalala, mpaka akajikokota mwenyewe kitandani. Akaniapisha nisikwambie. Alisema, mwanangu ana mengi.

Ile alama kwenye kiwiko cha mama. Mama aliniambia amejigonga kitandani, nami nikaamini kwa kuwa nilikuwa na haraka. Nalia kwa sauti, nalia kama mtoto, na Bi Mwanatumu ananifuta kwa kanga yake. Nainua mkono nijifute mwenyewe, na pale pa uso pamelala tu, laini, hakuna pua, hakuna macho.

Naamka. Mkeka, ukumbi, urefu wake wa kawaida au karibu na hapo. Najipapasa uso, upo. Saa kumi na robo. Naingia kwa mama pekupeku. Mama, Jumanne ulianguka? Nani kakwambia? anasema, aliniahidi atanyamaza. Alama iko kiwiko cha kushoto. Nilikuwa na hakika ni cha kulia, na sasa sijui nimerudi nyumba ipi kati ya zile mbili, yangu au ile iliyogeuzwa. Namwekea mto vizuri, nambusu paji la uso, naenda uani. Nafungua fundo la kanga. Kufuli linagoma kidogo kwa kutu, kisha linaachia.

Hodi, inasema sauti nyuma ya ubao, hapohapo, utadhani haijawahi kuondoka. Naogopa. Huenda nitaona uso, huenda nitaona kisogo. Karibu, Bi Mwanatumu, nasema, mama anakungoja. Navuta mlango, na yeye, kama kawaida yake, tayari yuko ndani.