Shahidi Aitwaye Baruti

Mdogo wake alikuwa mlipuaji miamba kwenye machimbo ya chokaa, na tangu apate kazi hiyo hata mama yao alimwita Baruti. Yeye mwenyewe, dada mtu, alikuwa wakili wa kesi za mazingira, zile ambazo wanasheria wenzake walisema hazishibishi. Kila Jumapili mchana walikula kwa mama yao, wakataniana mpaka chakula kikapoa.

"Dada, wateja wako ni wa ajabu," Baruti alipenda kusema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kukuamkia."

"Wako nao hulipuka ukiwagusa."

Jumapili moja Baruti alisimulia alivyoingia na tochi katika pango lililo juu ya machimbo, kukagua nyufa. "Mama, popo! Wamening'inia kama soksi kwenye kamba. Halafu masikio! Makubwa kuliko ya huyu." Akamwonyesha dada yake kwa tonge lililokuwa mkononi. Mama alicheka mpaka akapaliwa. Wakili naye alicheka, lakini masikio hayo akayaweka akilini. Popo wa masikio makubwa walilindwa na sheria, na hakuna aliyejua kama walikuwa wamesalia popote.

Haukupita muda, chama cha watunza mazingira kilifika ofisini kwa wakili na mtafiti mmoja mpole, ambaye miaka mingi nyuma aliwahi kumpiga picha popo mmoja wa aina hiyo mlangoni mwa pango lile lile. Leseni ya kampuni ya machimbo ilikataza kulipua karibu na pango hilo iwapo popo hao wangalimo. Wakafungua kesi. Kampuni ikajibu kwamba pango ni tupu, na kuthibitisha hilo ikaleta hati ya kiapo ya mtu aliyelikagua. Wakili aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye sahihi, akatafuta kiti.

Alimfuata Baruti kwake jioni ile ile.

"Ifute, mdogo wangu. Kiapo si mchezo."

"Meneja aliniwekea karatasi mbele na kalamu juu yake. Ningefanyaje? Wifi yako ana mimba, dada. Wewe tafuta ushahidi mwingine. Unayo akili."

Aliutafuta kweli. Walinzi walimzuia mtafiti kwenye lango la machimbo. Kesi nayo ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Leo jaji anaumwa, kesho wakili wa kampuni yuko safarini. Milipuko ikaendelea. Madirisha ya nyumba za jirani na kilima yalitetemeka kila mchana, na mtafiti akawa anapiga simu ofisini akiuliza, kwa sauti inayozidi kufifia, kama kuna habari.

Kwa kuwa shahidi alikuwa ndugu yake, wakili alimwachia mkuu wa ofisi yao, mzee mwenye kikohozi, asimame badala yake. Siku moja kabla ya kesi kusikilizwa alibisha mlango wa mzee huyo.

"Kuna kitu najua."

Mzee alivua miwani. "Fikiri kwanza, binti yangu. Ukishaniambia, siwezi kujifanya sikusikia."

Alifikiri. Aliwafikiria wale popo gizani, wasio na mtu wa kuwasemea. Akamwambia.

Kesho yake Baruti alipanda kizimbani na suti aliyofungia ndoa. Alijibu maswali vizuri: ndiyo, nilikagua, hapana, sikuona popo. Mzee akakohoa, akauliza taratibu:

"Shahidi, uliwahi kumwambia mtu yeyote kwamba ndani ya pango lile popo wamening'inia kama soksi kwenye kamba?"

Baruti hakumtazama mzee. Alimtafuta dada yake kwa macho, akampata kwenye benchi la nyuma, akamwangalia kama mtu anayesubiri aambiwe ni utani. Wakili aliinamisha kichwa.

"Ndiyo," Baruti alisema. "Niliwahi."

Jaji alimkaripia kwa kiapo cha uongo, akasema bahati yake ameusema ukweli kabla hajashuka. Akatoa amri: milipuko isimame mara moja. Ukumbi ulipiga makofi. Kampuni ilimfukuza Baruti kabla ya jua kuzama, na hakuna machimbo mengine yaliyomtaka.

Wakili alipanda kilimani pamoja na mtafiti na ofisa wa mahakama. Hawakuhitaji tochi. Paa la pango lilikuwa limepasuka, na jua lilimwagika mpaka sakafuni. Popo wachache walikuwa chini kwenye vumbi, wamekauka, mabawa yamekunjwa. Juu hakukuwa na kitu.

"Labda wamehamia pengine," wakili alisema.

"Hawana pengine," mtafiti alijibu. Akakaa juu ya jiwe, akalia bila kujificha.

Kutoka huko, viatu vikiwa bado vyeupe kwa chokaa, wakili alikwenda kwa mdogo wake. Baruti alifungua mlango nusu.

"Wamepona?" aliuliza.

Angeweza kumdanganya. "Hawapo. Tulichelewa."

Baruti aliangalia chokaa kwenye viatu vya dada yake. "Kunipeleka mahakamani sikulaumu, ndiyo kazi yako. Lakini dada, yale niliyasema kwa mama. Nilikuwa nakula."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Kama wao hawakupona, basi ungeniacha hata mimi nipone," alisema, na kuurudisha mlango polepole, maana mkewe alikuwa amelala.

Mtoto alizaliwa wa kike. Wakili aliambiwa na mama yao kwa simu, mwaliko haukuja. Amri ya mahakama bado inafuatwa na kilima kimetulia, ingawa hakuna wa kuufaidi utulivu huo. Jumapili Baruti huenda kwa mama mchana na familia yake, na wakili huenda jioni, baada ya wao kuondoka.

Juzi mama alimpakulia, akaketi, akaanza kucheka peke yake. "Hebu sikia alichofanya mdogo wako mchana, eti amemchukua mtoto..." Akanyamaza. Alimwangalia binti yake kwa muda, kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Alifanya nini, mama?"

"Aa, basi tu. Kula, mwanangu."