Kapu la Bibi Gulshan

Shule niliacha darasa la saba, na kukaa kitako mahali pamoja siwezi. Kazi niliyopata ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Nusu ya kazi yenyewe ni kukaa kitako.

Bibi Gulshan yuko mtaa wa Ndia Kuu, orofa ya pili, peke yake tangu mumewe afariki. Mguu unamsumbua, ngazi haziwezi. Kwa hivyo ana kapu na kamba. Akitaka mkate anamwita Suleman wa duka la chini, anateremsha kapu dirishani, anavuta. Mgeni akija, ufunguo unateremka na kapu hilo hilo.

Mie nilipokuja nikaona huu ni upuzi. Miguu ninayo, si niko? Nikalifungua kapu nikalitundika jikoni. Mkate nikaleta mie, mlango nikafungua mie, hata chai nikamkorogea. Nilijiona hodari kweli.

Mwezi haujaisha, Bibi akawa hatoki kitandani mpaka saa nne. Dirisha hafungui. Siku moja glasi ya maji ikamponyoka, mikono haina nguvu. Mwanawe Shahid akasikia, akapiga simu: "Ijumaa baada ya swala nakuja. Kama hali ndiyo hiyo, Mama anahamia kwangu Kizingo."

Bibi akakaa na simu mapajani. "Kizingo n'tamwita nani dirishani? Miti?"

"Sasa nifanyeje, Bibi?"

"Nipe kapu langu."

"Na ukianguka?"

"Kitsao, umekuja kunisaidia ama kunizika?"

Neno hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli.

Nikafunga kamba, nikamwekea kiti dirishani. Siku ya kwanza kapu tupu likamshinda, kamba ikamteleza, kapu puu! chini. Nilipolirudisha nikanyoosha mkono nimshikie. "Niwate!" Akanipiga kofi mkononi. Basi nikakaa pembeni, mikono nikaikalia, la sivyo ningemnyang'anya tena.

Jumatano alipandisha mkate mmoja. Alhamisi mkate na maziwa, akipumzika mara tatu.

"Vuta, Bi Gulshan!" Suleman akapiga kelele kama wavuvi. "Papa huyo!"

"Papa wako mwenyewe, nyoo! Maziwa ya jana haya!"

Ijumaa tukasikia chini, "Kitsao! Fungua mlango!"

Bibi akatia ufunguo kapuni, akachungulia. "Kitsao yuko kazini."

Nimekalia mikono.

Kapu likateremka. Shahid akalishika, akalitazama sana. Akachukua ufunguo, kisha akatia mfuko wa machungwa aliokuja nao. Kilo mbili hazipungui. Akarudi nyuma, akakunja mikono, akangoja.

Bibi akavuta. Akapumzika. Akavuta. Kamba ikamteleza, kapu likarudi chini kidogo, nami mikono nikaikalia zaidi. Sikuinuka. Wallahi sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Akaizungusha kamba kwenye nondo ya dirisha, akavuta pumzi, akavuta tena, mpaka machungwa yakaingia ndani.

Shahid alipofika juu alimkuta mamake anamenya moja. Akamshika viganja, akaona alama nyekundu za kamba. Akakaa chini karibu na miguu yake. Ya Kizingo hakuyataja.

"Ijumaa ijayo nikuletee nini, Mama?"

"Kamba mpya. Hii imechakaa." Akanigeukia. "Na wewe inuka, upewe chungwa."

Nikainuka. Kulimenya sikuweza, vidole vyote vimekufa ganzi. Akanimenyea yeye.