Shangazi Anasubiri Kuingia

Tangu asubuhi ukurasa wa kuingilia kwenye tovuti ya hospitali ulikuwa ukizungusha watu. Mgonjwa anaandika jina na neno la siri, anabonyeza, kisha anarudishwa palepale bila kuambiwa kosa lake. Fundi wa tovuti hiyo, mwanamke ambaye wenzake walimwita Sindano kwa wembamba wake, alikuwa ameinamia kompyuta, chai ikimpoa pembeni.

Miongoni mwa waliokwama alikuwa shangazi yake, aliyemlea. Alikuwa amechukuliwa kinofu kwenye uvimbe wa titi kikapimwe, na majibu yake yalikuwa humo.

"Mwanangu, si wewe mwenye funguo?" shangazi aliuliza kwenye simu. "Chungulia tu unisomee."

Sindano aliondoa mkono kwenye kibodi. Angeweza, tena kwa kufumba na kufumbua. "Shangazi, nikichungulia yako leo, kesho nitaombwa ya jirani. Nivumilie kidogo."

"Haya. Wewe na msimamo wako mnafaa kuoana."

Mkuu wake akaingia. "Watu wanalalamika. Ondoa neno la siri kwa leo, waingie kwa jina tu."

"Bosi, tutaanika magonjwa ya watu kama nguo kwenye kamba."

Mkuu akakuna kichwa, akavuta kiti. "Basi nionyeshe." Akajaribu kwa simu yake, akarudishwa. Sindano akajaribu kwa kompyuta, akaingia bila shida.

Akaziweka simu na kompyuta sambamba. Anwani ya ukurasa kwenye kompyuta yake ilikuwa na alama ya kufuli, ya njia salama. Ya mkuu, iliyotoka kwenye ujumbe wanaotumiwa wagonjwa, haikuwa nayo. Hapo akaelewa. Seva ilikuwa ikilikubali neno la siri na kumpa mtu kitambulisho, lakini kitambulisho hicho kilipita njia yenye kufuli tu. Aliyekuja kwa njia ya wazi alifika ukurasa wa pili mikono mitupu, akafukuzwa.

Akaandika amri ya kuwapeleka wote kwenye njia yenye kufuli. Mkuu akajaribu tena, akaingia, akashusha pumzi.

Simu ikaita. Shangazi alikuwa anasoma taratibu, neno baada ya neno. "Wameandika... uvimbe wa kawaida. Si saratani."

Sindano akalaza kichwa mezani.

"Imegoma tena?" mkuu akauliza.

Akatikisa kichwa, machozi yakimtoka huku anacheka.

"Mwanangu, upo?" shangazi akaita. "Sasa humu natokaje?"