Tundu Lililokaa Kwenye Ndoo

Jana usiku niliota, na msiniulize nilikula nini. Nilikula uji mtupu, maana mke wangu hayupo.

Mwajabu yuko kwao Korogwe wiki ya pili sasa, kisa tundu. Mlango wetu wa bafu hauna kitasa, kwa hiyo anayeoga sharti aimbe ili watu wajue kuna mtu. Siku hiyo Mwajabu alinyamaza kidogo ili asukutue mdomo, na mjomba wangu akafungua mlango. Akamkuta na povu kichwa kizima. Mwajabu, mtoto wa watu aliyelelewa akaleleka, akapiga goti na povu lake, akasema, "Shikamoo mjomba." Mjomba akaitikia marahaba, tena akauliza habari za nyumbani!

Jioni ile ile mke wangu alimbeba Tunu wetu mgongoni, begi mkononi. "Kitasa kikifungwa, uje unichukue," alisema. "Kisipofungwa, hata simu usinipigie."

Kitasa ninacho. Mashine ya kutobolea nimeazima kwa fundi, ile impakti inayozunguka huku inagonga, pamoja na boksi la biti zake, vile vyuma vya kuchomeka mdomoni mwake. Nampenda sana mke wangu, Mungu shahidi, ila kila siku nasema kesho.

Basi naota niko bafuni. Juu ya ndoo limeketi tundu, limejifunika khanga. Nalijua ni tundu kwa sababu naona ukuta nyuma yake.

"Mimi ndilo tundu la kitasa chako," linasema. "Wenzangu wote wana milango. Mimi nakaa kwenye ndoo."

"Kesho," nalijibu.

"Hiyo kesho nilikuwa nayo hapa hapa. Imechoka kusubiri, imeondoka."

Naona haya. Nafungua boksi, nachukua biti inayong'aa kuliko zote, naipeleka kwa impakti. Impakti inaitazama miguuni.

"Mguu wa mviringo," inasema. "Huyo kwangu haingii. Atateleza aniaibishe mbele za watu. Mimi nataka pembe sita."

"Hiyo ndiyo niliyoiona."

"Hebu vua ndala wewe."

Navua. Impakti inapapasa nyayo zangu kama fundi viatu, kisha inaguna. Pembe sita, kila mguu. Miaka yote hii sikuwahi kujichunguza.

"Ingia," inasema, na kunibana visigino.

Anakuja bibi mmoja wa chuma, mfano wa kikombe chenye meno ukingoni, ule msumeno wa kukatia matundu ya vitasa. Ananivaa mwili mzima, nabaki nimetokeza kichwa tu.

"Wewe tangulia," ananiambia Bi Kikombe. "Nikianza bila wewe katikati nitatangatanga mlango mzima. Na usisukume."

"Sijasukuma."

"Wote husema hivyo."

Tunazunguka. Visigino vyangu vinagongwa ta-ta-ta-ta, pua yangu inaingia kwenye mbao, inatokea upande wa pili. Sasa upande wa pili wa mlango wetu ni koridoni. Lakini mimi natokea Korogwe, kwenye mlango wa bluu wa sebule ya mama mkwe, naye amekaa anachambua mchele. Pua peke yake, mbele ya mkwe, na vumbi la mbao!

"Shikamoo mama," nasema.

"Marahaba, baba. Mbona leo umekuja kidogo?"

"Natoboa, mama."

"Haya, karibu." Anaendelea na mchele wake.

Meno ya Bi Kikombe yamefika katikati ya mbao. Anasimama ghafla.

"Basi, rudi. Tukilazimisha kumalizia yote kwa upande huu, mbao itachanika upande ule. Nusu tunakata huku, nusu kule. Kule kuna nani wa kumalizia?"

Kule yuko mtu mmoja tu ninayemtaka, na ndiye aliyenikataza simu. Machozi yananitoka, yanachanganyika na vumbi la mbao.

"Mama Tunu!" naita kwenye kijitundu.

Inakuja sauti yake: "Kesho."

"Hapana, leo! Nisamehe, mke wangu. Nimekuacha uimbe bafuni mwaka mzima, na mimi kitasa nimekilalia."

Nasikia anacheka. Ah, kile kicheko! Mara impakti inaniachia visigino, inalia upande wa pili pamoja na Bi Kikombe, na Mwajabu anakata huku anaimba wimbo wake wa bafuni. Kipande cha mbao kinadondoka mkononi mwangu. Lile tundu linavua khanga, linasema, "Alhamdulillahi," linaingia mlangoni na kutulia. Nachungulia, naliona jicho la mke wangu, karibu kabisa.

Hapo mjomba anafungua mlango. "Habari za nyumbani?" anauliza.

Nikaamka. Visigino vinawaka moto. Mkononi nimeshika kipande cha mbao cha duara, kina kijitundu katikati. Upande mmoja ni kahawia, rangi ya mlango wetu wa bafu. Nikakigeuza. Upande wa pili ni bluu, na nyumbani kwangu hakuna kitu cha bluu, hata sahani.

Simu ikaita. Mwajabu.

"Baba Tunu," akanong'ona, "njoo utuchukue. Ila mama anasema ubebe vitasa viwili."